Jina lina asili yake au tumekubaliana tu?

Kuna ubishi mmoja wa Wagiriki wa kale ambao mi kila nikiurudia naona haujaisha, uko kwenye kitabu cha mwanafalsafa Plato kinaitwa Cratylus, humo watu wawili, Hermogenes na Cratylus, wanabishana mbele ya Socrates. Hermogenes anasema jina ni makubaliano tu, hata mtumwa akibadilishwa jina na bwana wake lile jipya ni sahihi kama la zamani. Cratylus anakataa, kila kitu kina jina lake la asili, tena anamwambia mwenzake kwamba Hermogenes sio jina lako hata kama watu wote wanakuita hivyo, maana jina lile tafsiri yake ni mzawa wa Hermes, na Hermes ni mungu wa biashara wakati huyu hela zinampiga chenga.

Wengi wanampa Hermogenes ushindi haraka haraka na mi naona wanamuonea Cratylus. Socrates mwenyewe alionesha kwamba sauti zina kazi, r inatikisa ulimi kwa hiyo inafaa maneno ya mwendo kama rhein, yaani kutiririka, na kwenye l ulimi unateleza kwa hiyo inafaa vitu laini. Sasa sikiliza kiswahili chetu: tiririka, teleza, laini. Si unasikia kitu hapo?

Ila Socrates huyohuyo ndo akaitikisa hoja, akaleta neno sklerotes, maana yake ugumu, l imekaa katikati na watu wanaelewana vizuri tu kwa mazoea. Sisi tuna kali, l ipo na ulaini haupo. Democritus, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki, naye anatajwa kuwa alisema jina moja linabeba vitu tofauti, na hapo fikiria kaa la moto, kaa wa baharini na kaa chini, asili gani itaunganisha hivyo vitatu? Aristotle, mwanafunzi wa Plato, baadaye akasema wazi hakuna jina la asili.

Kinachonisumbua upande huu ni kimoja, makubaliano yanataka maneno, sasa wale wa kwanza kabisa walikubaliana kwa maneno gani? Hapa ndo nampenda Epicurus, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyekuja baadaye, kwenye barua yake kwa mfuasi wake Herodotus (sio yule mwanahistoria) anasema mwanzo kila taifa lilitoa sauti kutokana na hisia zake na vile lilivyoviona vitu, ndo maana lugha hazifanani, makubaliano yakaja baadaye ili kupunguza utata na kufupisha maneno. Kwa hiyo Cratylus anakuwa na haki kuhusu mwanzo, na Hermogenes kuhusu yaliyofuata.