Nani Hutunza Risiti ya Unga?

Dada yangu na mumewe walikuwa wamekubaliana: bwana ajenge, bibi alishe. Kwa hiyo mshahara wa shemeji ukawa mawe, mchanga na saruji kwenye ploti yao ya Ruai. Faida ya dada kutoka kibanda chake cha mitumba Gikomba ikawa unga, karo na nauli za watoto. Miaka 12 baadaye ndoa ikavunjika. Nyumba ilikuwa imesimama, ugali ulikuwa umeshaliwa.

Majirani wakampoza, "Usijali, Katiba imekupa nusu." Haikumpa. Kifungu cha 45 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa wanandoa haki sawa hata ndoa inapovunjika, lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema usawa huo si nusu kwa nusu. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Ajabu ni kwamba katika kesi hiyohiyo, iliyohusu nyumba ya mtaa wa Tassia, Nairobi, kila mmoja alipata nusu. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba na 20 ya vyumba vya kupangisha, kabla Mahakama ya Rufaa haijapandisha. Nyumba ni ileile, ndoa ni ileile, aliyebadilika ni jaji tu.

Sipingi kukataliwa kwa nusu ya moja kwa moja. Wapo wanaoolewa Januari wakidai ploti Desemba, na wapo wanaume wanaokula jasho la wake zao (hao hawatajwi sana kwenye vikao vya nyama choma).

Ninachogombana nacho ni mizani. Tuliburura sheria ya Uingereza ya 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa hadi 2013, na mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa bado ilikuwa ikikataa kuhesabu kazi za nyumbani. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 ikarekebisha: kupika, kulea, kulima, hata kuwa mwenzi wa mtu, yote ni mchango. Ila haikusema mchango huo una uzito gani, kwa hiyo kila jaji anapima kwa jicho lake.

Sheria hiyohiyo inachukulia kwamba mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja ameishika kwa niaba ya mwenzake pia, mpaka ithibitishwe vingine. Basi tuanzie hapo. Ndoa ikiwa imedumu miaka, mwenye jina kwenye hati ndiye aeleze kwa nini mwenzake apate pungufu ya nusu.

Wiki jana nilimsindikiza dada kwa wakili, karibu na mahakama za Milimani. Alibeba mfuko wa risiti za karo, daftari la chama na meseji za M-Pesa alizochapisha saiba. Wakili akazipanga mezani, akauliza kama kuna yoyote ya saruji. Ilikuwapo moja, ya mifuko sita. Imeandikwa jina la fundi.