Bango la kampuni, mfuko wa muuzaji

Hakuna anayetaka kuonekana akikosoa gunia la mchele lililopelekwa kwa yatima. Nadhani ndiyo maana shughuli za hisani za kampuni za biashara ya mtandao, zile zinazouza bidhaa kupitia watu wanaoingizana mmoja mmoja, zimepita miaka yote hii bila kuulizwa kitu. Picha huwa ni ile ile: mstari wa watu wenye fulana za rangi moja, watoto wamechuchumaa mbele, katoni za sabuni, ndoo za mafuta ya kula, na nyuma yao bango refu lenye nembo ya kampuni na maneno "Kutoa ni moyo". Ukiiona kwenye stetasi ya mtu unaweka alama ya moyo unaendelea na shughuli zako. Mimi nina swali moja, na ni la kihasibu kuliko la kiroho: ule mchele kaulipia nani?

Wifi yangu anauza virutubisho na vipodozi vya kampuni moja ambayo sitaitaja. Aliniingiza kwenye grupu la WhatsApp la timu yake siku alipotaka niwe mteja, na tangu hapo hakuna aliyekumbuka kunitoa. Kwa hiyo nimeona hisani inavyopikwa jikoni. Inaanza na ujumbe mrefu wa kiongozi wa timu, wenye vile vikono vya kuomba: wapendwa, mwezi huu tunarudisha kwa jamii. Kisha inashushwa orodha. Jina, kiasi, na tiki ya kijani kwa aliyekwisha kutuma kwa M-Pesa. Kima cha chini shilingi 20,000, wenye levo za juu 50,000. Ukichelewa unakumbushwa mbele ya watu wote, kwa upole unaouma: "Bado hatujaona tiki ya dada yetu fulani, naamini mtandao unamsumbua." Fulana inanunuliwa ofisini, kila mtu kwa pesa yake. Nauli ya kufika kituoni ni juu yako. Kampuni inaleta bango na meneja, na meneja anachelewa.

Jioni ukurasa wa kampuni unatangaza kwamba kampuni imetoa msaada wa chakula na vifaa vya usafi kwa watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Katika ile picha, wifi yangu alionekana bega.

Kuchanga kwenyewe si tatizo. Sisi ni watu wa michango: harusi, kicheni pati, msiba, ada ya mtoto wa jirani. Lakini msibani kuna daftari, na kabla watu hawajatawanyika katibu anasimama analisoma. Ukoo umetoa hiki, majirani hiki, ofisi ya marehemu hiki. Hata wa elfu tano anasikia jina lake. Ofisi ya marehemu haiwezi kupanda jukwaani ikasema msiba wote iliugharamia yenyewe, watu wangeguna papo hapo. Mbona kwa yatima tunanyamaza?

Kuna sentensi isiyokosekana kwenye semina za biashara hizi: sisi hatutangazi redioni wala kwenye televisheni, pesa ya matangazo tunawapa nyinyi. Kwa kiasi chake ni kweli. (Zile kubwa kabisa hutangaza, tena sana, nembo ya Herbalife imekuwa kifuani mwa wachezaji wa LA Galaxy, timu ya soka ya Marekani, tangu 2007.) Na mtindo wenyewe ni wa zamani. David McConnell alianza mwaka 1886 huko New York na kampuni ambayo baadaye ikawa Avon, na siri yake ilikuwa wanawake waliouza manukato kwa watu wanaowafahamu. Muuzaji anafunguliwa mlango kwa sababu ni mama fulani wa kwaya, au mweka hazina wa kikoba. Imani ile ni mali yake yeye, kaijenga kwa miaka, na kampuni inaitumia bure. Sasa kampuni isiyonunua tangazo inapata wapi sura nzuri mbele ya watu? Inaipata pale kwa yatima. Ziara ile ndiyo tangazo lake, na katika kampuni nyingine yoyote gharama yake ingetoka idara ya masoko.

Chukua benki. NMB husema hadharani kwamba hutenga asilimia moja ya faida yake baada ya kodi kwa ajili ya misaada ya jamii. Unaweza kusema ni ndogo, unaweza kusema wanatafuta sifa, lakini ukiyaona madawati wanayopeleka shuleni unajua yametoka mfuko gani. India walikwenda mbali zaidi: kwa sheria yao ya makampuni ya mwaka 2013, kampuni zilizofikia ukubwa fulani lazima zitumie kwa jamii asilimia mbili ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia. Faida ya kampuni, nasisitiza. Hakuna mahali panaposema keshia wa benki achangishwe elfu ishirini.

Halafu kuna jambo la pointi, na hapa ndipo roho yangu inapochafuka.

Sehemu ya msaada huwa ni bidhaa za kampuni yenyewe: sabuni, dawa ya meno, losheni, pengine unga wa lishe. Wauzaji wanazinunua kwa bei ya mwanachama, na kila bidhaa ina pointi zake. Mwezi unakaribia kwisha, mtu amebakiza pointi chache apande levo, au zimempungukia chache asishuke. Mauzo hakuna. Hapo ndipo wazo la kwenda kwa yatima linapokuja na nguvu ya ajabu. "Badala ya kuziweka ndani zikae, si bora uzitoe sadaka upate na baraka?" Hii niliisikia kwenye ujumbe wa sauti, na aliyesema alikuwa na furaha ya kweli moyoni mwake, sidhani kama aliona kasoro yoyote. Bidhaa zimetoka stoo, pointi zimeingia, sponsa, yaani aliyemwingiza kwenye biashara, kapata bonasi yake, na katika mzunguko wote ule hakuna mteja hata mmoja aliyeitaka ile losheni.

Tofauti kati ya biashara halali ya aina hii na upatu, ule mchezo ambao wa mwanzo hulipwa kwa pesa za wanaojiunga baadaye, imejengwa juu ya mteja huyo huyo anayekosekana. Mwaka 1979, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilipoamua kwamba Amway si upatu, moja ya hoja zake ilikuwa kanuni za Amway yenyewe: muuzaji atakayepata bonasi ya mwezi awe ameuza walau asilimia 70 ya alichonunua, na awe ameuza kwa wateja wasiopungua kumi. Mwaka 2016 tume hiyo hiyo ilifikia makubaliano na Herbalife, kampuni ikalipa dola milioni 200 zilizorudishwa kwa watu karibu 350,000, na ikabidi ibadilishe mfumo wake ili angalau theluthi mbili ya malipo ya muuzaji yatokane na mauzo ya rejareja yanayoweza kuthibitishwa. Sababu ya masharti yote hayo ni kuhakikisha kuna mtu wa nje, asiyetafuta levo, aliyetoa pesa kwa hiari kwa sababu anaitaka bidhaa. Sadaka ya aina ile ni mlango wa uani. Mtoto wa kituoni hakununua chochote, lakini kwenye hesabu za muuzaji amefanya kazi ya mteja.

Hata hivyo sitaki kuwasema wote kwa pamoja. Nu Skin ya Utah, tangu mwaka 2002, ina mpango ambao wauzaji na wateja hununua chakula cha lishe kiitwacho VitaMeal, kisha mashirika ya misaada hukigawa kwa watoto, Malawi ikiwa mojawapo ya nchi zinazopokea. Chakula kinafika, watoto wanakula. Anayelipia bado ni muuzaji na mteja, lakini angalau hilo limesemwa wazi tangu mwanzo: nunua uchangie. Nikipewa kuchagua kati ya mpango huo na fulana za wifi yangu, sifikirii mara mbili.

Nilimuuliza wifi kwa nini wasiandike kwenye bango mistari miwili, kampuni imetoa kiasi hiki, wauzaji wametoa kiasi hiki. Akacheka mpaka akakaa. "Wifi, basi wa kampuni utasomeka: bango moja."

Kuhusu vituo vyenyewe, nitasema kidogo. Ukizungumza na mlezi wa kituo pembeni, mbali na kamera, utasikia kwamba sabuni anayo ya kutosha kuanzia Novemba mpaka Februari, na mwezi wa Ramadhani futari inagongana mlangoni. Asichokuwa nacho ni mshahara wa mlinzi, bili ya maji, umeme wa LUKU, na kodi ya nyumba ya mwezi wa saba ambao hauna Krismasi wala Pasaka. Vitu hivyo havipigiki picha. Na picha zenyewe ni deni. Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania nasi tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Mtoto asiye na mzazi wa kuombwa idhini ndiye alipaswa kulindwa kuliko wote, lakini ndiye sura yake inazunguka kwenye magrupu ya fursa, juu ya namba ya simu ya kujiunga.

Lakini hayo yote ni madogo ukiyaweka kando ya upimaji wa afya bure.

Unaujua. Tangazo linasomwa Jumapili baada ya matoleo: wiki ijayo tutakuwa na wataalamu, watapima mwili mzima, bure au kwa elfu kumi tu. Siku ikifika kuna meza chini ya turubai, laptopu, na kijiti cha chuma chenye waya. Unakishika kwa dakika moja au mbili, skrini inaonyesha michoro ya viungo ikiwaka rangi, kisha inachapwa ripoti ya kurasa nyingi: ini lako, figo zako, mifupa, homoni, sumu mwilini. Mama mtu mzima anayeishi na wasiwasi wa figo anaambiwa figo zimeanza kuchoka. Meza ya pili ina katoni.

Figo hazipimwi kwa kushika chuma. Zinapimwa kwa damu, huangaliwa kiwango cha kreatinini, na kwa mkojo. Hakuna kijiti kinachojua ini la mtu kupitia kiganja. Mtu akiambiwa ana ugonjwa asiokuwa nao atapoteza pesa. Akiambiwa yuko salama na kumbe ana uvimbe, atapoteza muda, na muda ndio unaoua. Madaktari wa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wamelisema sana hili, kwamba wagonjwa wengi wa saratani wanafika ugonjwa ukiwa umekwenda mbali.

Avon ilipoanza kampeni yake ya saratani ya matiti, Uingereza mwaka 1992 na Marekani mwaka uliofuata, muuzaji alikwenda nyumba kwa nyumba na pini ya utepe wa waridi na vipeperushi vya kumwelekeza mwanamke akapimwe. Biashara ilikuwepo, sifa ilikuwepo, sikatai. Ila safari ya yule mwanamke iliishia hospitali. Chini ya turubai letu inaishia kwenye katoni, na muuzaji aliyevaa koti jeupe hana leseni ya kuwa mtaalamu wa chochote. Nao wanaopima kwa haki wapo: mashine ya presha, tone la damu la kupima sukari, muuguzi anayejulikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kama wanalo, kwa hiyo mashine moja ya presha kanisani inaweza kuokoa mtu kweli. Timu ya wifi iliwahi kufanya hivyo mara moja, na mzee mmoja alipelekwa zahanati siku hiyo hiyo. Nilijivunia, nikamwambia.

Tuliokuwepo mwaka 2009 DECI ilipoanguka tunakumbuka imani ya kanisani ilivyobebwa ikapelekwa kwenye pesa. Viongozi wake walikuwa wachungaji, na baadhi yao walitiwa hatiani mwaka 2013. DECI ilikuwa upatu mtupu, wakati kampuni ninazozizungumzia hapa zinauza bidhaa halali kwa vibali. Sifananishi biashara. Nafananisha mlango walioingilia.

Kwa hiyo mchungaji, shehe, mwenyekiti wa mtaa, kabla hujawapa turubai na kipaza sauti, waulize kama mashine yao imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na uombe kuiona leseni ya atakayepima, leseni yenyewe, si picha yake kwenye simu. Kisha uliza kama siku hiyo kutakuwa na kitu cha kuuzwa. Wakikubali kuja bila katoni, wakaribishe, na uwape chai.