Wasahihishaji wakae mezani kabla ya kushika kalamu nyekundu

Wengi mlioko nyumbani Tanzania mnadhani wasahihishaji wa vyuo vya Uingereza wana mizani ya sonara. Hawana. Nafundisha semina huku, na tukipewa insha moja kila mtu aisome kivyake, mmoja anatoa 52, mwingine 68. Kwa hesabu za huku hizo ni daraja mbili tofauti: 60 hadi 69 ni la pili la juu, 50 hadi 59 la pili la chini, na waajiri wengine huyo wa chini hawamwiti hata kwenye usaili.

Kinachotuokoa ni kikao. Kila mkufunzi anataja alama yake na kuitetea mbele ya wenzake: huyu kakwepa swali, yule kajibu vizuri ila Kiingereza kimemwangusha, je, lugha ina alama ngapi? Wanabishana kweli. Wakishapatana ndipo mafurushi yanagawanywa, karatasi zina namba bila majina, na baadaye baadhi yake zinapitiwa na mwalimu wa pili, kisha mtahini wa nje, yaani wa kutoka chuo kingine.

Kinachoniudhi ni kwamba sisi hili tunalijua. Mwalimu wa sekondari aliyewahi kuitwa kusahihisha mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, atakwambia: mnakusanywa kituoni, mnapitia mwongozo swali kwa swali, mnajaribia skripti chache kwanza. Na mtahini wa nje si mgeni kwetu. Chuo cha Dar es Salaam kilianza 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London.

Shida iko kwenye mazoezi ya muhula ya vyuo vyetu, zile alama 40 kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, wenye 60. Hapo kila mkufunzi msaidizi anabeba insha zake, anakwenda kuzisahihisha anavyojua. Enzi zetu swali la kwanza lilikuwa, "Semina yako iko kwa nani?" Watu wamejadili pamoja, wameandika hoja zilezile, mmoja anaingia UE na 16, mwenzake na 28. Mmoja anapata sapu, yaani kurudia mtihani, mwingine anatamba. Na yule aliyegawa 16 tunamsifu kwamba ni mkali, kana kwamba ukali ndio kiwango.

Huku nako kuna vituko. Insha kupata 85 ni nadra mno, alama za juu zimewekwa kama pambo. Wakufunzi wengi wanalipwa kwa saa, na saa hizo hazitoshi. Mwanafunzi anaweza kulalamikia utaratibu uliokiukwa, lakini uamuzi wa kitaaluma wa mwalimu hawezi kuugusa.

Najua mtanijibu: darasa la huko lina watu mia nane. Sawa, lakini kikao hakisomi insha mia nane. Kinasoma tano, mchana mmoja, na wakufunzi wakiwa wengi ndipo kinapohitajika zaidi. Mkuu wa idara anaweza kukiitisha kabla ya zoezi la kwanza la muhula ujao, hata bila bajeti ya chai.