Kila Mnyama wa Uani Kwangu Ana Wakili

Sikuhamia Kigamboni kuja kufungua mbuga ya wanyama, naomba ieleweke. Nilinunua kiwanja, nikainua vyumba vitatu na banda la kuku, nyuma nikapanda mihogo. Mwembe niliukuta. Wengine wote mnaowaona hapa uani walijileta wenyewe, kodi hawalipi, na kila kukicha nasikia: "Baba Zuhura, njoo umuue!" Kwenda naenda, panga mkononi. Tabu ni kwamba ndani ya nyumba hii hawajatokea watu wawili wakakubaliana nani auawe. Kila ninayemnyanyulia panga, wakili wake anachomoka chumbani.

Mchukulieni mjusi kafiri. Tunakaa na mama mkwe, na mama mkwe hana mchezo na dini yake. Kwake mjusi kafiri ndiye aliyeupuliza ule moto aliotupiwa Nabii Ibrahim, na hadithi ya Mtume anayo kichwani: ukimuua kwa pigo la kwanza thawabu mia, la pili zinapungua, la tatu zinapungua tena. Sasa macho yake hayana shabaha siku hizi, na thawabu hataki zipungue, kwa hiyo naitwa mimi. Juzi nikalenga ukuta kwa ufagio wa chelewa, paa! Mjusi huyooo, nyuma ya kabati. Chini umebaki mkia peke yake, unarukaruka sakafuni. Mama mkwe akauinamia, akautazama mpaka ukatulia.

"Sasa huu una thawabu ngapi, mwanangu?"

Nikamwambia akamuulize ustadhi.

Ufagio sijaurudisha mahali pake, katokea Shabani wangu wa darasa la tano. "Baba, mwalimu kasema mjusi anakula mbu." Na mtoto hasemi uongo, jioni ukiketi sebuleni unamwona yule mjusi amejibanza kando ya taa, mbu akitua tu, kamezwa. Haya, mimi nimesimama katikati ya sebule yangu mwenyewe, kulia thawabu, kushoto malaria, nichague.

Nikadhani kwa panya angalau tutaafikiana. Panya yumo hata katika wale watano ambao hadithi imeruhusu wauawe mpaka ndani ya Haram ya Makka: panya, nge, kunguru, mwewe na mbwa mkali. Hukumu hiyo imeshapita, nani atakata rufaa? Basi kwenye mihogo akaingia panya buku. Si hawa wadogo wa jikoni. Buku, mkia wake tu unatosha kukutoa mbio chooni. Usiku nikammulika na tochi, nikamkuta kajaza karanga zangu za mbegu mashavuni, mashavu yametuna huku na huku mpaka kichwa hakipiti kwenye tundu lake. Amekwama pale ananitazama, na hatemi hata punje moja. Nikasema huyu kesho hapati kiamshakinywa.

Asubuhi simu inaita. Zuhura, anasoma kilimo Sokoine, Morogoro. Mdogo wake kashampelekea habari. "Baba, panya buku usimguse!" Kumbe pale chuoni kwao kuna mradi unasomesha panya buku. Wananusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, wananusa makohozi ya wenye kifua kikuu. Mmoja aliitwa Magawa, mzaliwa wa hapo hapo chuoni, akapelekwa Kambodia, akafichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika moja la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu ya ushujaa. Akastaafu 2021, na alipofariki Januari 2022 msiba wake ukatangazwa mpaka kwenye redio za Ulaya. Panya huyo, jamani. Mimi nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani, na inachelewa.

Nikamwambia, "Mwanangu, huyu wa kwangu hajasoma. Anayesoma ni wewe, na ada inatoka kwenye hiyo mihogo." Akakata simu. Hela ya matumizi akaomba kwa ujumbe.

Wale wa darini ndio hata sitaki kuwazungumza. Kijana alipita na spika yake, mnaijua ile sauti ya kurekodi isiyovuta pumzi: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, papasi! Nikanunua. Panya kweli akala, tena akamaliza. Halafu katika dari yote ya nyumba hii akachagua kwenda kufia juu ya kitanda cha mama mkwe. Dari ni ya jipsamu, kuitoboa ni kumwita fundi, na kumwita fundi mnajua ni kuanzisha ujenzi upya. Mama mkwe akawa anachoma udi asubuhi na jioni. Majirani wakaanza kuulizana kwa Baba Zuhura kuna harusi ya nani.

Mtasema fuga paka. Ninaye! Dagaa kwa bei hii ya leo, anakula mchana na jioni, halafu panya anapita mbele yake, yeye anajikunja upande wa pili asisumbuliwe na watu wanaopita. Anayefanya kazi ya paka hapa kwangu ni bundi wa kwenye mwembe. Usiku kucha yuko zamu, analala na njaa panya wasipotokea, na sijawahi kusikia amedai posho. Na huyo ndiye Mama Zuhura anayetaka afe kabla ya wote, eti akilia juu ya paa kuna mtu atatolewa ndani. Nikamwambia mtaa huu una nyumba kibao, msiba hauwezi kukosekana, bundi alie asilie. Akaniangalia tangu kichwani mpaka miguuni, akasema, "Wewe endelea kumtetea, na umri huo." Nikanyamaza. Usiku ule bundi alipoanza, sikatai, nilijishika mapigo ya moyo.

Lakini kwa kunguru sitaki wakili. Namsema huyu mwenye shingo ya kijivu. Huyu hata si mwenyeji; aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, ale takataka za mji. Takataka zipo mpaka leo, na yeye yupo mpaka leo, kavuka bahari kaja kula vifaranga vyangu. Waliosema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake walimsema kunguru mwingine. Huyu anashuka kwenye karo mchana kweupe, mama watoto anafua, anachukua kipande cha sabuni na kuondoka nacho. Sabuni! Ana nguo gani yule? Akiokota mkate mkavu anakuja kuuchovya kwenye ndoo yangu ya maji ya kunywa, anaugeuza, anauchovya upande wa pili, anajaribu kama umelainika. Na sura yangu kaikariri. Watoto wakipita ametulia. Nikitoka mimi, hata nikiwa na kanzu na kofia, mwembe mzima unalipuka kelele.

Wenzetu Kenya mwaka 2024 serikali yao ilitangaza itaua kunguru milioni moja. Nikampelekea jirani yangu habari hiyo nikijua nitapata mtu wa kuniunga mkono. Mzee yule akavuta kikohozi, akasema, "Lakini wanatusafishia mji, bwana." Maneno yale yale ya waliomleta!

Nguchiro nimemwacha, maana akila kuku mmoja anaua nyoka mmoja, hesabu inanishinda. Kenge wa mayai alikimbilia kwa jirani, huko ana kesi yake.

Halafu wiki iliyopita, saa nane za usiku, wakaja siafu. Siafu hawana kikao. Mstari ulitoka chini ya mwembe, ukapita mlango wa nyuma, na mama mkwe ndiye aliyewagundua kwanza, kwa mguu. Tukatoka wote na kanga na shuka, Shabani akakimbia kufungua banda kuku wasije wakaliwa humo ndani, mimi namwaga majivu mlangoni kwa heshima tu, maana walikwishaingia. Paka alitutangulia sote. Tukasimama pale uwanjani tunasikiliza nyumba. Mende wanadondoka darini tap, tap, tap. Panya wakatoka kwa mlango wa mbele, mmoja baada ya mwingine, mchana wanajificha lakini usiku ule walipita mbele ya miguu yangu bila hata kuniamkia. Wale wa tendegu za kitanda, kunguni niliowanunulia dawa mwaka mzima, nilijua sasa hivi wanatolewa mmoja mmoja, bila mtu kupewa risiti.

Mama Zuhura akanivuta shuka. "Baba Zuhura, lete mafuta ya taa tuwachome hawa wadudu."

Nikamwambia, "Ngoja kwanza wamalize stoo."