Misuli ya mifupa: tuigawe kwa umbo au kwa kazi?

Anayesomea uuguzi au utabibu Mtwara akifika kwenye misuli ya mifupa hukutana na migawanyo miwili. Wa kwanza ni wa umbo: ipo iliyonenepa katikati na kuchongoka nchani, kama baisepsi ya mbele ya mkono wa juu, ipo ya duara, kama unaozunguka mdomo, na ipo ambayo nyuzi zake zimelala mshazari kwenye kano mithili ya unyoya. Wa pili ni wa kazi: msuli mtendaji unaofanya tendo, mpinzani unaovuta kinyume chake, msaidizi, na mshikizi anayezuia mfupa usiyumbe.

Wanaotetea umbo wana hoja nzito. Umbo linaonekana, na linaeleza nguvu. Nyuzi za mshazari huenea nyingi mahali padogo, ndiyo maana deltoidi ya bega huvuta kwa nguvu ingawa hujifupisha kidogo. Sartori ya paja, msuli mrefu kuliko yote mwilini, ina nyuzi ndefu sambamba: hujifupisha sana, nguvu yake si kubwa.

Lakini umbo peke yake halielezi mkono unasogeaje. Msuli hausukumi, unavuta tu. Kalisiamu ikiachiwa ndani ya uzi, vichwa vya miosini hunasa aktini (zote mbili ni nyuzi ndogo za protini) na kuivuta kwa nishati ya ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli. Nadharia hiyo ya nyuzi kuteleza ilichapishwa 1954 na Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na wakati huohuo na Hugh Huxley na Jean Hanson. Kwa kuwa msuli huvuta tu, mfupa unahitaji nguvu nyingine ya kuurudisha.

Hapo mgawanyo wa kazi unapata ushindi, na hapohapo wengi wanateleza. Tunakariri kwamba baisepsi hukunja kiwiko na traisepsi, msuli wa nyuma ya mkono wa juu, hukinyoosha. Mtazame basi kuli wa ghala la korosho Masasi akishusha gunia taratibu kutoka kifuani. Kiwiko kinanyooka, lakini kinachokinyoosha ni uzito wa gunia. Baisepsi ndiyo inayohenya: inakaza huku ikirefuka, mzigo usije ukaporomoka. Misuli ya mbele ya mapaja inafanya vivyo hivyo anapochuchumaa. Kwa mchonga vinyago wa Kimakonde mambo yanageuka. Tezo ikishuka kwa nguvu kwenye mpingo, traisepsi ndiyo mtendaji, na misuli ya nyuma ya kigasha inashikiza kifundo cha mkono kisijikunje wakati vidole vimebana mpini.

Kwa maoni yangu somo lianze na kazi, umbo lifuate kueleza nguvu. Ila mwalimu asiseme "traisepsi ni mpinzani" akaishia hapo. Ataje na tendo lenyewe, kwa sababu tendo likibadilika cheo nacho kinahama.

Jambo hili linafika hadi zahanati. Kukaza huku msuli ukirefuka ndiko hasa kunakoleta maumivu yanayoibuka kesho yake au keshokutwa. Kuli akija analalamikia mapaja, aulizwe kwanza: jana ulikuwa unapandisha magunia au unashusha?