Nipeni Simu Ndogo Yenye Kamera ya Maana, Rangi Kaeni Nazo

Kitufe kilichoandikwa "Ibuni simu yako" ndicho kilichonitibua wiki hii. Nilikibonyeza kwa moyo mweupe kabisa, nikidhani hatimaye kuna kampuni imeamua kumsikiliza mnunuzi. Ukurasa ukafunguka, maswali yakawa mawili: rangi ipi, na memori kiasi gani. Nikachagua kijani, GB 512. Ukurasa ukanirudisha: kijani mwisho GB 256, anayetaka 512 achukue nyeusi. Yaani hata hayo machaguo mawili waliyotubakishia, moja linalikaba jingine. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu ukienda kwa jirani yake utakuta yaleyale, pengine zambarau badala ya kijani.

Nilichokuwa nakitafuta si maajabu. Simu inayoenea kiganjani, dole gumba lifike juu ya kioo bila kuomba msaada wa mkono wa pili. Kamera yenye lenzi ya kuvuta mbali, maana napenda kupiga picha za ndege na za watoto, na wote hao ukiwasogelea wanakimbia. Betri ya kunifikisha usiku. Basi. Sina haja na kioo cha kutazamia mpira na ukoo mzima.

Vyote hivyo vipo, kimoja kimoja. Vinachokataa ni kukaa pamoja.

Najua kuna mtu ameshaanza kuniandikia kwamba simu si kompyuta ya mezani. Ni kweli, na inaniuma kukubali. Kompyuta ya mezani ina nafasi zake: RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, unachomeka, diski unachomeka, kadi ya picha unachomeka, na mpangilio wa ATX ulioletwa na Intel mwaka 1995 ndio unaofanya bodi ya kampuni hii ikae kwenye boksi la kampuni ile bila ugomvi. Kwenye simu hakuna makubaliano ya namna hiyo. Fundi mmoja aliwahi kunifungulia bodi ya simu iliyokufa. Akabandua kibati cha kukinga mawimbi kwa kibano, akanionyesha chipu nyeusi isiyozidi ukucha wa gumba. "Hii ya juu ni RAM," akasema, "prosesa, ubongo wenyewe, iko chini yake. Zimebebana." Modemu, ile ya kushika mtandao, je? Humohumo. Kinachochakata picha za kamera? Humohumo. Memori ya kuhifadhia ilikuwa pembeni, imechomelewa kwa vidoti ambavyo sikuviona mpaka aliponiazima lenzi yake. Akacheka. "Sasa kaka, hapo wewe ungechomoa nini?"

Sikuwa na jibu. RAM imepandishwa mgongoni mwa prosesa ili ishara zisisafiri mbali, na ili bodi iwe ndogo betri ipate mahali pa kulala. Ukiweka soketi katikati, umepoteza nafasi, kasi na umeme kwa pamoja. Kwa hiyo prosesa na RAM nimewaachia, wafanye watakavyo.

Wakubwa walishajaribu na wakaumbuka. Mwaka 2013 Dave Hakkens, mbunifu Mholanzi, alitoa video ya Phonebloks, simu ya vipande vya kuchomeka, dunia ikashangilia. Mwaka huohuo Motorola, wakati huo mali ya Google, ikatangaza Project Ara: kiunzi chenye vyumba, na vipande vinavyoshikwa kwa sumaku. Majaribio ya sokoni yalipangwa kufanyika Puerto Rico mwaka 2015, hayakufanyika. Ilipoonyeshwa tena Mei 2016, prosesa, betri, antena na kioo vilikuwa vimeshagandishwa kwenye kiunzi. Septemba ikazikwa. Mwaka huohuo LG walileta G5, ambayo ukitaka kuongeza kipande unavuta kidevu chake na betri inatoka nayo, simu inazimika, unaanza upya. Mwaka uliofuata waliachana na mtindo huo. Motorola walidumu kidogo kwa Moto Z na vibebwa vyake vya sumaku, spika, projekta, hata kamera ya Hasselblad, mpaka 2019. Lakini kumbebesha mtu mzigo mgongoni si kumpa chaguo.

Tangu hapo, ukitamka tu kwamba mnunuzi achague maungo ya simu yake, unatupiwa Ara usoni. Walijaribu, ikashindikana, kaa kimya. Subiri kidogo. Mimi sijaomba kuchomoa na kuchomeka. Naomba kuchagua mara moja tu, siku ninayoagiza, kiwandani, kabla simu haijagundishwa. Hilo ni suala jingine kabisa, na hapa ndipo uhandisi unapogeuzwa kuwa pazia la kufichia hesabu za bei.

Angalieni kamera. Mwaka 2023 Apple walitoa iPhone 15 Pro na 15 Pro Max. Chipu ileile ya A17 Pro, familia ileile, jukwaa lilelile la uzinduzi. Lenzi ya kuvuta mara 5 ikawekwa kwenye Pro Max ya inchi 6.7 peke yake. Mwenye ya inchi 6.1 akaambiwa aridhike na mara 3. Mjadala ukawa kwamba lenzi ile, inayoukunja mwanga ndani kwa ndani, inahitaji nafasi. Mwaka mmoja baadaye 16 Pro, ile ndogo, ikaja na lenzi hiyo ya mara 5. Haya, nakiri, walishaipanua simu yenyewe kufikia inchi 6.3. Inchi 0.2! Na kabla ya hapo, mwaka 2020, 12 Pro Max ilipewa kihisi kikubwa cha kamera kilichonyimwa 12 Pro, kisha mwaka uliofuata zote mbili zikawa na kamera sawa. Ukiona kitu hakiwezekani mwaka huu halafu kinawezekana mwakani, uliza mwaka huu nani amefaidika.

Wala si Apple peke yao. Hii ndiyo ngazi ya kila mtengenezaji: simu ya kawaida, ya juu yake, ya juu kabisa, na kila unachokitamani kimewekwa kipandio kimoja juu ya pale ulipokusudia kusimama. Unataka kamera, utanunua na kioo. Unataka GB nyingi, utazilipia kwa bei ambayo haina uhusiano wowote na bei ya chipu. Ni sawa na duka la viatu kukwambia soli imara zipo kwa namba 44 tu. Mwenye mguu wa 38 avae soksi nyingi. Na cha kuchekesha, wakishamaliza kutupimia hivyo, wanatuita "watumiaji wa kitaalamu". Utaalamu wangu mimi ni kulipa.

Hoja yao nyingine ina uzito kidogo, sitaipuuza. Chukua rangi 5, memori 3, kamera 2, betri 2, kioo 2. Hizo ni aina 120 za simu moja. Zote zitengenezwe, zisambazwe, zikae ghalani, na zile zisizopendwa zidode. Ukibadilisha kinachogusa redio ni vipimo upya vya mawimbi, maana fremu ya chuma ya simu nyingi ndiyo antena yenyewe. Nakubali. Lakini nani alisema lazima zikae ghalani? Dell walijijenga kwa kuunda kompyuta baada ya mteja kuagiza. Na kwenye simu iliwahi kufanyika. Mwaka 2013 Motorola walifungua Moto Maker kwa ajili ya Moto X: mteja wa Marekani anachagua uso, mgongo, rangi ya vitufe, maandishi ya kuchongwa nyuma, simu inaunganishwa Fort Worth, Texas, na ahadi ilikuwa imfikie ndani ya siku 4. Siku 4! Kiwanda kilifungwa mwaka uliofuata, mauzo yakiwa madogo na gharama kubwa, na adui zangu wanalipenda sana hili. Ila tazameni walichouza: ngozi. Maungo ya ndani yalikuwa yaleyale kwa kila mtu, ukiacha GB 16 au 32. Walijenga njia ya kumpa kila mteja simu yake, halafu wakaipitishia rangi tupu. Ningekuwa mimi, na mimi nisingelipia zaidi kwa ajili ya kitufe cha machungwa.

Kwamba kamera inaweza kubadilika bila mbingu kuanguka, Fairphone, watengenezaji wa simu za kufunguka na kukarabatika, wameonyesha zaidi ya mara moja. Mwaka 2017 waliwauzia wenye Fairphone 2 kamera mpya za kubandika badala ya zile za mwanzo. Mwaka 2020 ilipotoka 3+, mwenye Fairphone 3 alinunua kamera zake peke yake, akashika bisibisi, akafungua, akaweka. Simu ileile, bodi ileile, kamera tofauti. Sitawapamba: simu zao ni nene, prosesa zao ni za wastani, na hata wao hawakupi orodha ya kamera uchague. Lakini kampuni hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na hawa wanaotuambia haiwezekani.

Halafu kuna wanaodhani sheria za Ulaya zimeshatukomboa. Tangu Juni 2025 mtengenezaji anayeuza simu Umoja wa Ulaya anatakiwa kuwa na vipuri vyake kwa miaka 7, na kuanzia Februari 2027 kuna kanuni za betri zinazotolewa na mtumiaji mwenyewe. Nazishangilia kwa mikono miwili. Ila huo ni ukarabati: kikivunjika unarudishiwa kilekile. Na zipo simu ambazo hata hicho kilekile zinakikagua kwa programu kama kimetoka kwao, jambo lililokera kiasi kwamba jimbo la Oregon lilipitisha sheria ya kulikataza mwaka 2024. Sehemu ya memori kadi nayo, uamuzi wa mwisho wa kifaa tuliokuwa nao mkononi, Samsung waliiondoa kwenye familia yao ya Galaxy S mwaka 2021. Hatukuulizwa.

Sasa turudi kwa simu ndogo, kwa sababu kila nikifika hapa naambiwa hazina soko. Ushahidi unaoletwa ni iPhone 12 mini na 13 mini, za 2020 na 2021, zenye kioo cha inchi 5.4, ambazo 2022 nafasi yake ilichukuliwa na jitu la inchi 6.7. Sawa, hazikununuliwa walivyotarajia. Lakini nani alipewa kuchagua nini pale? Mini haikuwa na lenzi ya kuvuta mbali hata kidogo. Betri yake ilikuwa ndogo kuliko zote kwenye familia. Mpenda simu ndogo aliwekewa mezani simu ndogo iliyopunguzwa, akasita, na kusita kwake kukaandikwa kama kura dhidi ya udogo. Hiyo si takwimu ya soko, ni mtego.

Kwa hiyo sihitaji tena kitufe cha kubuni chochote. Nataka fomu ya kuagiza yenye mstari mmoja wa ziada: umbo moja dogo, bodi moja, kamera ya kawaida au kamera ya kuvuta mbali. Unene ukiongezeka milimita 2 kwa ajili ya lenzi na betri, ongezeni, mfuko wangu hautalalamika. Anayeitaka alipie tofauti na asubiri wiki mbili. Mkishaiuza hivyo mwaka mzima ikadoda, njooni na hizo hesabu zenu, tutazungumza.