Fedha Zimepitishwa, Hazijashuka

Duka langu liko hatua chache kutoka Makoroboi, hapa Mwanza. Nauza rimu za karatasi, mafaili, wino wa printa na vikorokoro vyote ambavyo bila hivyo ofisi haiendi. Nusu ya wateja wangu ni wapita njia: wanafunzi wa kutoa kopi, wafanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni wanaokuja kununua vitabu vya risiti. Nusu nyingine ni ofisi za umma, na hao ndio walionifanya nianze kusoma Katiba nikiwa na miaka hamsini na kitu. Ukimdai jirani unajua anakolala. Ukiidai Serikali, kwanza utafute mlango uko upande gani.

Kuna mwaka nilipeleka mzigo kwenye ofisi moja hapa mjini, mwezi wa kumi. Hati ya manunuzi ilikuwa halali, mzigo ukahesabiwa, nikapewa nakala yenye muhuri. Mwezi uliofuata nikaenda kuulizia. "Mzee wangu, fedha hazijashuka." Krismasi hazijashuka. Pasaka hazijashuka. Mhasibu alikuwa kijana mwenye adabu zake, na kadiri miezi ilivyokwenda ndivyo shikamoo yake ilivyozidi kurefuka, ikafika mahali nikiisikia tu tangu mlangoni najua leo pia narudi mikono mitupu. Tarehe 27 Juni, saa tatu usiku, akanipigia mwenyewe: "Baba, lete ankara kesho asubuhi na mapema, mfumo unafungwa." Nikalipwa siku mbili kabla mwaka wa fedha haujaisha. Miezi minane kwa rimu mia mbili za karatasi.

Mwaka wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Kila mzabuni wa Mwanza anaijua kalenda hiyo kuliko ya ukutani. Julai mpaka Septemba ni kiangazi. Juni ni masika ya ghafla: semina zinafufuka, viti vinanunuliwa, magari yanapelekwa matengenezo, kila ofisi inakimbia ili kilichobaki kwenye kasma, yaani mstari wake wa matumizi, kisirudi Hazina. Mwezi huo mimi huuza wino kuliko miezi minne iliyotangulia ikijumlishwa. Sijui kama ni jambo la kushukuru.

Sasa, muda wote ule nilipokuwa nasubiri, redio ya dukani ilikuwa Dodoma, Bungeni. Kuanzia Aprili mawaziri wanasimama mmoja mmoja kuomba fedha za wizara zao, na wabunge wanatishia kushika shilingi. Kwa asiyefuatilia: mbunge asiporidhika na majibu, anatoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara wa waziri, ili jambo lake lijadiliwe kwanza. Shilingi moja, ambayo leo hupati nayo hata pipi. Wateja wangu wanaipenda sana saa hiyo. Wanaacha kopi zao kwenye mashine wanasikiliza mbunge wa Kanda ya Ziwa akiunguruma kuhusu maji au barabara, waziri anaahidi, mbunge anarudisha shilingi, makofi. Muda ukiisha kabla mafungu, yaani bajeti za ofisi moja moja, hayajaisha, yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo, na hapo redio huwa wameshaihamishia kwenye mpira.

Niliamini kwa miaka mingi kwamba hapo ndipo fedha zinapopatikana. Ikishapita, imepita. Kumbe nilikuwa nimeliangalia jambo lenyewe kwa upande wa jukwaa tu.

Katiba inasema mapato ya Serikali yaingie kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, Ibara ya 135, na yasitoke humo ila kwa ruhusa ya Katiba yenyewe au ya sheria, Ibara ya 136. Sheria hiyo ndiyo ile ya kuidhinisha matumizi ambayo Bunge linaipitisha kila Juni, baada ya Katibu kuita jina la kila mbunge aseme ndiyo au hapana. Kwa mwaka 2025/26 jumla ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Imegawanywa kwa mafungu yenye namba. Mkoa wa Mwanza ni Fungu 81. Chini ya fungu kuna kifungu, chini yake kuna kasma, na huko chini kabisa, kwenye matumizi mengineyo ambayo wenyewe wanayaita OC, ndiko rimu zangu zinakolala.

Mbunge hawezi kuongeza matumizi kwa matakwa yake; Ibara ya 99 inataka pendekezo la namna hiyo litoke kwa Rais. Hawezi pia kuukataa mpango mzima kirahisi, kwa kuwa Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Deni la Taifa nalo linalipwa moja kwa moja na Mfuko Mkuu, wabunge wapende wasipende. Ukishaondoa hayo, anachobaki nacho mbunge ni mdomo na ile shilingi. Simcheki, mdomo nao ni kitu. Ila nyuma ya ile sheria anayoipigia kura kuna neno ambalo makarani wa bajeti wanalitumia kila siku na sisi wa mtaani hatulisikii: ukomo. Bunge linaweka ukomo. Linasema ofisi hii isivuke hapa. Halisemi ofisi hii lazima ifikishiwe mpaka hapa. Kati ya ukomo na fedha yuko Mlipaji Mkuu wa Serikali pale Hazina, anayetoa kidogokidogo kulingana na makusanyo ya mwezi na nani amebana zaidi. Mishahara kwanza, madeni kwanza, miradi mikubwa kwanza. Rimu baadaye.

Nimeangalia hata mlinzi tuliyemweka mlangoni. Ibara ya 143 inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu (CAG) ahakikishe kwamba fedha inayotolewa Mfuko Mkuu imeidhinishwa kisheria. Vizuri sana. Huyo anakagua anayetoka na mzigo. Lakini yule aliyeahidiwa gunia akatoka na kisado, au akaondoka mikono mitupu, nani anamkagua? Ripoti za CAG humtaja, kweli, ila mwaka ukishapita, gazeti limeshafungia dagaa.

Mnisamehe nikiingia Marekani kidogo, mwanangu anasema nimeisoma mno. Kule Bunge lao linatakiwa kupitisha miswada 12 ya matumizi kila mwaka, na mwaka wao unaanza tarehe 1 Oktoba. Wasipokubaliana wala kuongeza muda, idara zinafungwa kwelikweli. Kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 zilifungwa siku 35, na mwaka 2025 wakavunja rekodi hiyo, siku 43. Watu wa pale kijiweni waliona ni kichekesho kwa taifa tajiri, na sisi tunaweza kujisifu: hapa Ibara ya 139 inamruhusu Rais aidhinishe fedha za kuendesha mambo kwa muda endapo sheria ya matumizi haijaanza kazi, kwa hiyo hatufungi ofisi. Sina hamu na vurugu ile. Ninachokitamani kwao ni sheria yao ya mwaka 1974, iliyotungwa wakati wa Rais Nixon baada ya yeye kukalia fedha ambazo Bunge lilishazipitisha. Inasema Rais akitaka kuzuia fedha hizo lazima aliarifu Bunge, na akitaka zifutwe lazima Bunge likubali. Wanaigombania hadi leo, tena kwa ukali. Angalau wana kitu cha kugombania.

Kwetu fedha isiyotoka haiombi ruhusa ya Bunge. Inanyamaza tu.

Msidhani nasema Hazina wana roho mbaya. Makusanyo yakiwa pungufu, hakuna mchawi wa kuzaa shilingi. Na mradi ukipewa kipaumbele tunaona matokeo. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita zipatazo 3 juu ya Ziwa Victoria, lilianza kujengwa mwaka 2020 na kuzinduliwa tarehe 19 Juni 2025, kwa zaidi ya shilingi bilioni 700 za ndani. Hesabu: marais wawili, bajeti zisizopungua tano, kila Juni linaombewa upya kama mtoto wa kambo anayeombewa ada. Maana bajeti yetu ni ya mwaka mmoja mmoja hata nguzo ikiwa ya miaka mitano. Aliyewahi kukaa foleni ya feri pale Kigongo na mgonjwa wa kwenda Hospitali ya Bugando, kivuko kikiwa ng'ambo, hawezi kulilalamikia daraja lile. Mimi sililalamikii. Lakini lilifika kwa sababu mtu alihakikisha hati za mkandarasi zinalipwa. Mkandarasi mkubwa akicheleweshewa anadai riba, na riba hizo ndizo CAG anazozitaja katika ripoti zake. Barabara ya mtaani kwetu kule Mabatini imewahi kupitishwa miaka miwili mfululizo, tumesomewa kwenye mkutano, tukapiga makofi mara mbili. Bado tunavua viatu mvua ikinyesha. Mwenye rimu na mwenye korongo hawadai riba.

Kwa hiyo nimebadili usikilizaji wangu. Saa ya kushika shilingi napunguza sauti nahudumia wateja. Naongeza sauti waziri anapofika kwenye ile sentensi ambayo wote huisoma haraka kama wanaruka dimbwi: "hadi kufikia mwezi Aprili, Wizara imepokea shilingi kadhaa, sawa na asilimia kadhaa ya fedha iliyoidhinishwa." Hiyo asilimia ndiyo bajeti. Nyingine yote ni nia njema. Hazina pia hutoa taarifa za utekelezaji kila robo mwaka, ziko wazi, nimezichapisha mwenyewe kwa karatasi zangu. Ningependa Bunge liwe na siku katika mkutano wa Februari ambapo kila fungu lililopokea chini ya nusu ya linachostahili linatajwa kwa jina, na Waziri wa Fedha anaeleza kasma kwa kasma kwa nini. Shilingi ishikwe siku hiyo, wakati bado kuna miezi minne ya kurekebisha, kuliko kuishika Mei kwa ajili ya fedha ambayo haijakusanywa.

Mwenzangu wa duka la jirani anaona napoteza muda. Anasema mbunge hapati kura kwa kusoma asilimia, anapata kwa kuunguruma. Pengine. Lakini mbunge wetu alipopita hapa kununua bahasha nilimuuliza: mheshimiwa, Fungu 81, mpaka Desemba kilichoshuka ni kiasi gani? Akacheka, akaniambia swali zuri, atalifuatilia. Bahasha alilipa taslimu.